Mmoja anakwenda, mwingine anakuja: Kampala katika mipango ya kubadilishana wanafunzi

Barua ya shule ikimfikia mzazi wa Kampala na kumweleza kwamba mwanawe amechaguliwa kukaa muhula mmoja katika shule ya nchi nyingine, furaha na wasiwasi huingia nyumbani kwa pamoja. Jamaa huulizana kuhusu baridi, chakula na bei ya tiketi ya ndege. Maswali mawili yenye uzito zaidi, hata hivyo, huchelewa kuulizwa. Je, mwanafunzi wa upande wa pili naye atakuja Kampala? Na mtoto atakaporudi, darasa lake litakuwa limefika wapi bila yeye?

Neno lenyewe linadai pande mbili. Mpango wa kubadilishana wanafunzi, kwa maana yake kamili, ni makubaliano kati ya shule mbili, au kati ya vyama vinavyozisimamia, ambapo kijana wa sekondari hukaa wiki chache, muhula au mwaka mzima katika nchi ya mwenzake. Husoma darasani kama wanafunzi wengine, hulala kwa familia mwenyeji au bwenini, kisha hurudi kwao kuendelea na masomo. Ufadhili wa masomo ni jambo jingine, kwani humchukua mwanafunzi hadi ahitimu hukohuko. Ziara ya siku kumi ya kutazama majumba na mbuga nayo ni jambo jingine, hata kama waandaaji wake wameipa jina la kubadilishana.

Kampala ilipokuwa njia panda

Uganda haikuanza kufikiria jambo hili jana. Kilima cha Makerere, palipofunguliwa chuo mwaka 1922, kiliwakusanya vijana wa nchi jirani kwa miongo kadhaa. Julius Nyerere alisoma hapo ualimu kuanzia 1943 hadi 1945. Mwai Kibaki alihitimu hapo mwaka 1955, naye Benjamin Mkapa mwaka 1962. Watu hawa watatu, waliokuja kuwa marais wa nchi mbili tofauti, walijifunza mitaa ya Kampala wakiwa vijana.

Mwaka 1963 uhusiano huo ulipewa sura rasmi. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kiliunganisha vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na masomo makubwa yaligawanywa. Aliyetaka udaktari alikuja Kampala, katika hospitali ya Mulago. Aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Aliyetaka sheria alielekea Dar es Salaam, ambako kitivo cha kwanza cha sheria katika eneo hili kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1961. Hakuna aliyeuita utaratibu huo mpango wa kubadilishana wanafunzi, lakini ulifanya kazi hiyo vizuri kuliko mipango mingi iliyokuja baadaye, kwa sababu kila nchi ilikuwa na kitu ambacho nyingine zilikihitaji na kila nchi ilipeleka na kupokea. Yoweri Museveni alikuwa miongoni mwa vijana wa Uganda waliovuka mpaka kwenda kusoma Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Katika ngazi ya sekondari palikuwa na msaada mwingine, usiosimuliwa sana. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1967, makao yake yakiwa Kampala. Kwa kuwa mtihani ulikuwa chini ya baraza moja, mwanafunzi aliyehama kutoka Mwanza au Kisumu kuja Kampala hakulazimika kuthibitisha kwamba alichosoma kwao kina thamani. Tanzania ilijitoa katika baraza hilo mwaka 1971, Kenya ikaunda lake mwaka 1980, na Uganda ikaanzisha Bodi ya Taifa ya Mitihani, UNEB, mwaka 1983. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimekwisha kugawanyika mwaka 1970. Ikaja amri ya Idi Amin ya 1972 ya kuwafukuza Waasia, iliyowaondoa walimu na wanafunzi wengi katika shule za jiji. Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na vita vya 1978 na 1979 kati ya Uganda na Tanzania vikaugeuza mpaka wa Mutukula kuwa njia ya majeshi.

Kumbukumbu nyingine ya miaka ile inafaa kutajwa, kwa kuwa sura yake bado inaonekana leo. Kuanzia mwaka 1961, mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki uliwaleta walimu vijana kutoka Marekani kufundisha sekondari za Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar, na wengi wao walifunzwa kwanza Makerere. Walikuja kuziba pengo la kweli, na waliofundishwa nao wanawakumbuka. Hata hivyo hapakuwa na safari ya kurudisha ziara. Walimu wa Kampala hawakupelekwa kwa idadi kama ile kufundisha Chicago au New York.

Safari za mbali na safari za jirani

Mipango inayoiunganisha Kampala na mabara mengine ni ya aina nyingi. Vyama vya Rotary huendesha utaratibu wa vijana wenye umri wa miaka 15 hadi 19. Ule wa muda mrefu huchukua karibu mwaka mzima wa masomo, na mtoto huishi kwa familia zaidi ya moja ili aione jamii kwa pande zake mbalimbali. Wenyeji hutoa malazi na chakula. Wazazi wa msafiri hugharamia tiketi, bima, viza na matumizi madogo. British Council ilikuwa na mpango wa Connecting Classrooms ulioziunganisha shule za Uingereza na za nchi nyingine, Uganda ikiwemo, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na madarasa mawili yaliyoandikiana na kushughulikia mada moja kila moja likiwa kwao. Ujerumani ina mpango wa ENSA, unaotegemea fedha za wizara yake ya ushirikiano wa maendeleo. Unasaidia makundi ya wanafunzi kutembeleana na shule rafiki za Afrika, Asia, Amerika ya Kusini na Ulaya ya kusini-mashariki, na unagharamia pia safari za wanaotoka Kusini kwenda Ujerumani.

Suala hilo la pande zote mbili ndilo linalozikwamisha shule nyingi. Kundi la wanafunzi wa Ulaya likitaka kuja Uganda, huomba viza kwa mtandao na kupanda ndege. Kundi la Kampala likitaka kwenda Ulaya, kila mtoto huthibitisha hati za wazazi, taarifa za benki, barua za shule na dhamana ya kurejea nyumbani. Mmoja akinyimwa viza, kundi zima huyumba. Ndiyo maana shule nyingine zimejikuta zikipokea wageni mwaka baada ya mwaka bila kupeleka mtu, na uhusiano ulioanza kama wa ndugu wawili ukageuka kuwa wa mfadhili na mfadhiliwa. Mwalimu mkuu anayetia saini makubaliano ana haki ya kutaka iandikwe ni wanafunzi wangapi watatoka kila upande, na ni nani atakayelipa ikiwa viza zitacheleweshwa.

Wakati macho yakitazama London na Berlin, mpango wenye vikwazo vichache zaidi uko umbali wa safari ya basi ya usiku mmoja. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine kwa masomo, na pasi ya mwanafunzi hutolewa kwake bila malipo. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, bila pasipoti. Kwa kwenda Tanzania pasipoti huhitajika, na ile ya kielektroniki ya Afrika Mashariki ambayo Uganda ilianza kuitoa mwishoni mwa 2018 inatosha. Kwa nauli ya ndege ya kumpeleka mtoto mmoja Ulaya, darasa zima linaweza kufika Kisumu, Bukoba au Kigali, na mwenzao wa kule akaja bila kuulizwa taarifa ya benki.

Michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, inayosimamiwa na shirikisho la FEASSSA, huonyesha kila mwaka kwamba jambo hili linawezekana. Ilifanyika Arusha mwaka 2022 na Huye, Rwanda, mwaka 2023, na timu za Uganda zilisafiri. Wiki mbili za mpira si muhula wa masomo, lakini shule iliyokwisha kuvusha wachezaji mpakani inajua tayari barua zipi zinahitajika na nani wa kuzitia saini.

Kalenda na alama za mtihani

Mwaka wa shule nchini Uganda una mihula mitatu. Huanza kati ya mwisho wa Januari na Februari na kumalizika Desemba, huku mitihani ya taifa ikifanyika katika miezi ya mwisho. Kenya na Tanzania nazo huanza Januari, na Australia pia huanza mwishoni mwa mwezi huo. Rwanda huanza Septemba, sawa na nchi nyingi za Ulaya. Mwanafunzi wa Kampala anayeondoka Septemba kwa mwaka mzima kwenda Ujerumani hukosa muhula wa tatu wa darasa moja na mihula miwili ya linalofuata. Akirudi, huenda akalazimika kurudia mwaka.

Kuna jambo jipya zaidi, ambalo wazazi waliosoma zamani hawalijui. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na kundi la kwanza lilifanya mtihani wa mwaka wa nne mwaka 2024. Katika utaratibu huu asilimia 80 ya alama hutokana na mtihani wa mwisho, na asilimia 20 hutokana na tathmini endelevu ambayo walimu huifanya darasani na kuiwasilisha UNEB. Zamani mtoto aliyekuwa mbali kwa muhula mmoja aliweza kukesha na madaftari ya wenzake na kufidia. Alama za kazi iliyofanywa darasani hazifidiwi kwa kukesha. Basi kabla ya kutia saini, mzazi aiombe shule iandike jinsi kazi atakayofanya mtoto ugenini itakavyohesabiwa. Jibu la mdomo halitoshi, kwani mwalimu aliyelitoa anaweza kuwa amehamishwa kabla ya usajili wa mtihani.

Kwa anayekuja Kampala na kutaka kuendelea na masomo hapa baada ya mpango kwisha, vyeti vya nje hulinganishwa na UNEB ili ijulikane vinasimama wapi katika viwango vya Uganda. Tanzania na Uganda zimekuwa na mfumo unaofanana, yaani miaka saba ya msingi, minne ya sekondari ya chini na miwili ya juu. Kenya ilifuata mfumo wa 8-4-4 na sasa inauacha, hivyo mwanafunzi wake huhitaji maelezo zaidi kuhusu darasa gani linalingana na lipi.

Kiswahili njiani

Mgeni kutoka Tanzania au Mombasa anayefika Kampala akidhani Kiswahili kitamtosha hushangaa. Darasani hutumika Kiingereza, na sokoni Owino au kwenye kituo cha matatu, ambazo Waganda huziita teksi, hutawala Kiluganda. Kiswahili kina historia yenye maumivu hapa. Kwa miaka mingi wengi walikisikia kutoka kwa askari kwenye vizuizi vya barabarani, na amri ya Amin ya 1973 iliyokifanya lugha ya taifa haikukipa marafiki. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala wa 2020 ulikifanya somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza ya sekondari, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaelekeza kifundishwe shule za msingi na sekondari. Upungufu wa walimu umekuwa kikwazo tangu hapo.

Hapo ndipo mwanafunzi mgeni anapokuwa na thamani ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuileta. Msichana wa Tanga anayekaa miezi mitatu katika bweni la Kampala, akipiga soga na kugombania maji ya kuoga kwa Kiswahili, huwafundisha wenzake kwamba lugha hiyo ina utani na mapenzi ndani yake. Naye Mganda anayekaa Dar es Salaam hurudi akiweza kuwasaidia wadogo zake kazi ya shule. Kwa familia za Kampala zinazozungumza Kiswahili nyumbani, ambazo ni chache na zimezoea kuteremsha sauti ndani ya teksi, kuwa mwenyeji wa mtoto kama huyo ni nafasi ya kuwa na msaada wa kutoa ambao shule inauhitaji.

Usalama wa mtoto

Safari ya mtoto asiyefikisha miaka 18 inahitaji hati kadhaa. Pasipoti ya kawaida ya Uganda imekuwa ikigharimu shilingi 250,000. Barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili, iliyothibitishwa mbele ya kamishna wa viapo, huepusha mabishano uwanjani Entebbe na katika balozi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huhitajika kwa anayeingia Uganda na huulizwa na nchi nyingi kwa anayetoka Uganda. Cheti hicho huanza kuwa halali siku kumi baada ya kuchanjwa, na sindano moja hutambulika maisha yote. Anayengoja hadi wiki ya safari amechelewa.

Hati hizo zote, hata hivyo, zinaweza kukamilika na mtoto akaishia mahali pabaya. Uganda ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2009, na miongoni mwa vishawishi vinavyotumiwa na walaghai ni ahadi ya masomo nje ya nchi. Mpango wa kweli hupitia shuleni na si kwa mtu binafsi kwenye simu. Una jina la shule inayopokea, ambayo mwalimu mkuu anaweza kuipigia mwenyewe kwa namba aliyoitafuta mwenyewe. Una tarehe ya kurudi iliyoandikwa kabla ya kuondoka. Hauchukui pasipoti ya mtoto na kuiweka kwa wakala, wala haumwambii mzazi kwamba nafasi itapotea asipotuma fedha kabla ya jioni.

Familia mwenyeji nayo huchunguzwa, na uchunguzi huo ufanyike Kampala kama unavyofanyika Berlin. Si tusi kwa mwenyeji kuulizwa nani mwingine analala nyumbani, mgeni atalala chumba gani, na nani atamfuata shuleni giza likiingia. Mipango mingi huwakataza wageni kupanda bodaboda, katazo ambalo wenyeji huliona la ajabu mpaka wakumbuke wodi za majeruhi za Mulago. Mtoto apewe mtu wa tatu wa kumweleza shida, asiye wa familia mwenyeji wala asiye mwalimu wa darasa lake. Nchini Uganda simu ya watoto ya Sauti hupatikana bila malipo kwa namba 116, na namba hiyohiyo hutumika kwa huduma za watoto nchini Kenya na Tanzania. Mtoto anayevuka Busia au Mutukula ana namba moja tu ya kukariri.

Kumpokea mgeni Kampala

Familia inayokubali kuwa mwenyeji hudhani kwamba kazi kubwa ni chakula. Mgeni huzoea matoke na mchuzi wa karanga kwa muda mfupi. Mambo mengine humchukua muda zaidi: kwamba msichana wa Kiganda hupiga magoti kumwamkia mkubwa, kwamba salamu haifupishwi, kwamba mtoto wa bweni huamka kabla ya alfajiri na kusoma tena usiku. Wenyeji wafanye vyema kumweleza mgeni mapema ni lipi linalotarajiwa kwake na ni lipi analoweza kulitazama tu bila kulitenda.

Ndani ya wiki chache huja kipindi cha ukimya, mgeni anapoacha kuuliza maswali na kuanza kuhesabu siku. Walimu waliokwisha kupokea wageni hukitarajia. Huo si wakati wa kumpigia mzazi wake simu mara tatu kwa siku. Mara nyingi kazi ndogo yenye jina husaidia zaidi, kama kumpa nafasi katika kwaya au timu ya netiboli, au kumwomba awafundishe watoto wa nyumbani wimbo wa kwao.

Siku ya kuondoka ikikaribia, shule mwenyeji huandaa taarifa ya maandishi yenye masomo aliyohudhuria, kazi alizofanya na alama zake, ikiwa na muhuri na saini ya mwalimu mkuu. Nakala moja hukabidhiwa mtoto na nyingine hutumwa moja kwa moja shuleni kwao. Mwanafunzi wa Kampala anayerejea aifikishe taarifa hiyo kwa mwalimu wa taaluma katika wiki ya kwanza, wakati daftari la tathmini la muhula huo bado liko wazi.